Sola ya kibarazani au sola ya nyumba nzima? Maswali ya watu wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu umeandikwa kwa mpangaji wa chumba na sebule Chikongola, mwenye nyumba Shangani, familia ya Tandahimba inayosubiri fedha za mnada wa korosho, na mwenye gesti Kilwa Masoko. Wote huuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: ninunue paneli moja au mbili za kuweka kibarazani, au nijikaze nifunge mfumo wa nyumba nzima?

Kabla ya kujibu huwa nauliza: unataka sola ikuondolee shida gani? Umeme kukatika, umeme kutokuwepo kabisa, na gharama ya LUKU ni shida tatu tofauti, na vifaa vyake havifanani. Aliyefunga sola ya kupunguza bili, kumbe shida yake ni giza la saa mbili usiku, atakaa gizani na sola yake juu ya bati.

Hiyo "sola ya kibarazani" ni kitu gani hasa?

Jina moja, vitu viwili. Cha kwanza ndicho kinachozunguka mitandaoni kutoka Ulaya: paneli mbili zinafungwa kwenye roshani ya ghorofa, zinaungwa kwenye inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa ukutani), na inveta inachomekwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme unaingia ndani ya nyumba kupitia soketi hiyo na mita inakwenda polepole. Hakuna betri. Ujerumani sheria ilirekebishwa mwaka 2024, inveta ya namna hiyo ikaruhusiwa kutoa wati 800 badala ya 600 za zamani, na paneli zifike hadi wati 2000.

Cha pili ni hiki chetu: paneli ya wati 50 hadi 300, kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri), betri, na taa, simu, TV na labda feni. Hakiunganishwi na umeme wa TANESCO popote. Paneli inaweza kukaa barazani, juu ya bati la choo cha nje au kwenye nguzo uani.

Kaka yangu yuko Ujerumani, anataka kuniletea ile ya kuchomeka. Itafanya kazi Mtwara?

Kwa maana ya volti, ndiyo. Kwao ni volti 230 na hezi 50, na kwetu vilevile. Ukichomeka itaanza kuzalisha.

Ila inveta ile imetengenezwa ifuate umeme wa gridi. Umeme wa TANESCO ukikatika, nayo inajizima papo hapo, hata kama ni saa sita mchana na jua linachoma utosi. Si ubovu. Imewekewa hivyo ili fundi aliyepanda nguzo kuunganisha waya asipigwe shoti na umeme unaotoka nyumbani kwako. Kwa Mjerumani, ambaye umeme wake haukatiki mara kwa mara na anaulipia ghali, mpango huo ni mzuri. Kwako wewe unayetafuta taa umeme ukikatika, haukusaidii kitu saa ileile unapouhitaji.

Halafu kuna mita. Baadhi ya mita za LUKU zikiona umeme unatoka nyumbani kwenda nje, huuhesabu kana kwamba umeutumia, na nyingine hujifunga zikidhani zimechezewa. Kurudisha umeme kwenye waya wa TANESCO kunahitaji ruhusa yao na mita inayofaa. Usichomeke kimyakimya.

Mwambie kaka asihangaike kupakia vioo kwenye ndege. Atume hela.

Gesi inatoka hapahapa kwetu, umeme unafuliwa hapahapa. Kwa nini nihangaike na sola?

Swali la haki kabisa, na limebeba uchungu ambao mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Kwa miaka mingi mikoa hii miwili ilikuwa nje ya gridi ya taifa na ikategemea mitambo yake yenyewe.

Lakini gesi ikiwa tele kisimani, umeme bado lazima upite kwenye nguzo na transfoma hadi kwako. Mwembe ukiangukia waya njiani, au radi ikipiga transfoma ya mtaa, wingi wa gesi haukusaidii usiku huo. Na kama uko kitongoji ambacho nguzo hazijafika, hadithi ya gesi ni ya kusikia redioni tu. Sola inaziba pengo la njiani. Haishindani na gesi.

Sola itanipunguzia LUKU kiasi gani?

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapopita haraka, kwa hiyo tukae kidogo.

Angalia uko kwenye kundi gani la bei. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, yaani kama 122 ukijumlisha vyote. Mtumiaji wa kawaida hulipa shilingi 292, ambazo na kodi zake zinafika kama 356. Ukitaka kujua uko wapi, gawanya hela uliyolipa kwa yuniti ulizopewa kwenye ujumbe wa simu.

Sasa chukua paneli nzuri ya wati 400. Kwa jua letu, ukishaondoa joto, vumbi na upotevu wa njiani, inakupa kama yuniti moja na nusu kwa siku, yaani 45 kwa mwezi. Uliye kwenye bei ya chini umeokoa kama shilingi 5,500. Uliye kwenye bei ya kawaida umeokoa kama 16,000. Na hiyo ni kama umezitumia zote. Yuniti zilizozalishwa mchana wakati nyumba imefungwa na betri imejaa zimepotea.

Kwa mtumiaji mdogo, basi, hakuna betri itakayorudisha gharama yake kwa hesabu ya LUKU. Akinunua sola anunue kwa ajili ya taa isiyozimika na feni inayozunguka usiku kucha, na aseme hivyo wazi. Kwa mwenye friji mbili, pampu na kiyoyozi, anayenunua yuniti 250 au 300 kila mwezi, hesabu inaanza kukaa sawa, hasa kama matumizi makubwa yapo mchana.

Nitajuaje nahitaji wati ngapi?

Usianze na paneli. Anza na vitu vyako na saa za kuvitumia. Chukua familia ya vyumba viwili:

Taa 4 za wati 7, saa 5 kila usiku: wati-saa 140 (wati mara saa).
TV ya inchi 32, wati 50, saa 5: 250.
Feni moja ya wati 50, saa 8: 400.
Simu tatu: kama 45.

Jumla ni wati-saa 835, chini kidogo ya yuniti moja, ambayo ni wati-saa 1,000. Kila wati moja ya paneli hapa kwetu hukupa kama wati-saa 3.5 kwa siku ya kawaida. Gawanya 835 kwa 3.5, unapata paneli ya wati 240. Ongeza kidogo kwa ajili ya siku za mawingu, funga 300.

Tazama hesabu hiyo tena uone nani anakula: feni. Ukiiondoa, familia hiyohiyo inaishi na nusu ya mfumo. Lakini nani anaiondoa feni Mtwara mjini mwezi Februari, neti imeshushwa na upepo wa kaskazi umekataa kuingia dirishani? Ndiyo maana zile sola za taa tatu na redio, ambazo muuzaji husema "zinatosha nyumba", hazitoshi nyumba ya pwani. Huko Newala juu, penye ubaridi wa usiku, zinaweza kutosha.

Na friji?

Friji ndogo ya lita 150 hivi, kwenye joto letu, hula kama yuniti moja kwa siku. Umeona familia ya hapo juu nzima, na feni yake, inatumia chini ya hapo. Friji peke yake inaongeza paneli ya wati 300 hadi 400, na betri inakuwa mara mbili. Inataka pia inveta ya wimbi safi (inayotoa umeme laini kama wa TANESCO) inayostahimili mshtuko wa compresa inapowaka.

Kwa hiyo nikiulizwa mpaka kati ya sola ndogo na kubwa uko wapi, nasema uko kwenye friji. Kabla yake, kibaraza kinatosha. Baada yake, panda juu ya bati.

Mwenye friza ya samaki au ya barafu ana ujanja mmoja mzuri: weka chupa za maji ndani, friza igandishe kwa nguvu mchana jua likiwa juu, usiku uizime au uiweke kwenye kipimo cha chini. Barafu iliyoganda inabeba ubaridi usiku kwa bei ndogo kuliko betri. Usifungue mlango ovyo tu.

Pasi, jagi la umeme, jiko la umeme?

Kwenye sola ndogo, hapana. Pasi ni wati 1,000 na zaidi, jagi la maji hufika 2,000. Kwenye mfumo wa nyumba nzima wenye inveta ya kilowati 3 hadi 5, ndiyo, kimoja kwa wakati mmoja, tena mchana. Nyumba nyingi zenye sola kubwa huzidiwa pale pasi, jagi na pampu vinapowashwa pamoja asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Kiyoyozi?

Mfumo mkubwa tu. Kidogo kabisa hula kama wati 800 hadi 1,000 kinapofanya kazi kwa nguvu. Kukitumia mchana kwa jua la moja kwa moja kunawezekana bila tabu. Usiku kucha kwa betri ni gharama ya watu wenye hoteli.

Nina kisima, nataka kupampu maji. Lazima nifunge sola kubwa?

La. Pampu ni kesi ya pekee, na wengi hupoteza hela hapa. Pampu ya kawaida ya nguvu farasi moja inakula kama wati 1,000, na inapowaka inaruka mara tatu au zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Ukiitaka iendeshwe na inveta na betri, unafunga mfumo mkubwa kwa ajili ya kazi ya saa moja.

Nunua pampu ya sola ya moja kwa moja, isiyo na betri. Jua likitoka inapampu, likizama inalala. Akiba yako ni maji ndani ya simtanki lililoinuliwa juu, si umeme ndani ya betri. Kwa uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa taabu tangu enzi za mababu, huo ndio uwekezaji wa sola ningeutanguliza mbele ya TV.

Mimi ni mpangaji. Ninunue ipi?

Ndogo, bila kujadili. Usitoboe bati la mwenye nyumba bila kauli yake, maana siku likivuja utalaumiwa hata kwa tundu la mwaka juzi. Tengeneza fremu ya chuma pembe ya kusimama chini au kufungwa kwenye nguzo, nyaya zipite dirishani, betri na inveta zikae ndani ya kisanduku kimoja. Ukihama unabeba kila kitu kwa bajaji moja.

Kuhusu wezi: paneli inayofikiwa kwa mkono ni paneli inayoondoka. Tumia bolti ambazo hazifunguki kwa spana ya kawaida, na andika jina lako kwa mkwaruzo nyuma ya fremu.

Kwenye picha za Ulaya paneli zinaning'inia wima kwenye roshani. Niige?

Usiige. Kule jua hupita chini upande wa kusini, hasa majira ya baridi, kwa hiyo paneli iliyosimama wima inalipata usoni. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari, jua la mchana linapita juu ya kichwa kabisa. Paneli iliyoning'inia wima wakati huo inapata mwanga wa pembeni tu, na kazi kubwa ya jua inapita bila kuigusa. Wenye nyumba za kale za Mikindani zenye roshani wasiharibu sura ya nyumba bure.

Huku kwetu ilaze, iinue kama nyuzi 10 hadi 15, uso uelekee kaskazini. Kaskazini, kwa sababu mwezi Juni jua liko upande huo kwa mbali. Mwinuko huo mdogo pia unasaidia mvua kusukuma vumbi. Usiilaze bapa kabisa, maji yatatuama na tope litakaa kwenye ukingo wa chini.

Na kivuli! Kibaraza kina nguzo, paa limejitokeza, jirani ana mnazi. Kivuli cha kuti moja kikikatiza seli chache kinaweza kuzima theluthi ya paneli. Kabla ya kufunga, kaa siku moja uangalie mahali hapo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Penye kivuli saa sita pasikushawishi hata kidogo.

Kipindi cha mvua itakuwaje?

Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na zipo siku tatu nne mfululizo mawingu hayafunguki. Siku ya wingu zito paneli inaweza kushuka hadi robo ya kazi yake, au chini ya hapo. Mwenye sola ndogo azoee kupunguza: TV ipumzike, feni ibaki. Mwenye umeme wa TANESCO na inveta ya haibridi (inayopokea sola, betri na gridi kwa pamoja) hana wasiwasi sana, betri inajaziwa na umeme wa gridi ukiwepo.

Kiangazi nacho kina yake. Wakati wa kupulizia mikorosho, vumbi la salfa husambaa na hutua juu ya kila kitu, paneli zikiwemo. Ukiishi karibu na mashamba, zifute kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi na mapema kabla kioo hakijapata moto. Usimwage maji baridi kwenye kioo kilichochomwa na jua la saa saba.

Chumvi ya bahari inaharibu paneli?

Kioo hakina shida. Vinavyokufa ni bolti, viunganishi na mguu wa fremu. Ukiwa Shangani, Mikindani au Kilwa Kivinje, ambako upepo unaleta chumvi mpaka kwenye sahani, tumia reli za aluminiamu na bolti za chuma kisichopata kutu. Aluminiamu ikigusana na chuma cha kawaida penye chumvi huliwa upesi kuliko ukiiacha peke yake. Waulize wauzaji kama paneli imepimwa kwa ukungu wa chumvi, kipimo chake ni IEC 61701, kinaandikwa kwenye karatasi ya paneli. Inveta iwe ndani, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Na vimbunga?

Zamani watu walicheka swali hili. Kisha Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikatupita kikaangukia Msumbiji, jirani kabisa na sisi, na Mei 2024 Hidaya kikaja na mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Paneli ya wati 550 ina zaidi ya mita mbili kwa moja na uzito wa kilo 27 hivi. Ikishikwa na upepo kwa chini inageuka tanga. Reli zifungwe kwenye kenchi na papi, si kwenye bati lenyewe. Kabla ya kupanda na paneli sita, fundi aingie darini aangalie mbao. Zikiwa zimeliwa na mchwa, rekebisha kwanza.

Nyumba ya makuti isibebe paneli. Simamisha nguzo pembeni.

Sola ndogo hapa ina nafuu yake: tangazo la kimbunga likitoka, unaifungua na kuiingiza chini ya kitanda.

Betri ya lithiamu au ya jeli?

Nitachagua upande: lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, iandikwayo LiFePO4. Sababu ni hesabu. Betri ya jeli ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu utumie nusu tu. Inavumilia mizunguko mia kadhaa ya namna hiyo, na joto letu linaipunguzia umri zaidi. Lithiamu ya ukubwa huohuo unaitumia hadi asilimia 80 au 90, na huvumilia mizunguko elfu tatu na zaidi. Bei ya dukani ni kubwa, ndiyo. Gawanya bei kwa umeme utakaotoka ndani yake mpaka ife, halafu linganisha tena.

Familia yetu ya wati-saa 835 itatosheka na lithiamu moja ya Ah 100. Kwa jeli ingehitaji Ah 150 kwa kujibana, 200 kwa raha.

Jeli naikubali kwa mtu mwenye taa na simu tu, ambaye hela ya leo ndiyo hiyo. Betri ya gari siikubali kwa yeyote. Imeumbwa kuwasha injini, si kuwasha TV saa tano kila usiku.

Nitaitambuaje betri au paneli ya uongo?

Beba mizani. Jeli halisi ya Ah 100 ina uzito wa karibu kilo 28 hadi 30, na ya 200 hukaribia kilo 60. Ukiona "200Ah" unainyanyua kwa mkono mmoja, iache. Lithiamu ni nyepesi kwa asili, Ah 100 huwa kama kilo 10 hadi 13, hivyo kwake uzito mdogo si kosa, ila kilo 5 ni kosa.

Paneli angalia ukubwa. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 au kidogo zaidi kwa mita moja ya mraba. Iliyoandikwa wati 300 na ina ukubwa wa meza ya kahawa imeandikwa uongo. Angalia pia alama ya TBS, na fundi aje na mita apime volti na ampea juani kabla hujalipa.

Naweza kuanza na ndogo nikaongeza taratibu, kila msimu wa korosho?

Unaweza, na kwa mkulima ndiyo njia yenyewe, maana hela huja baada ya mnada halafu miezi inapita mikavu. Lakini panga mwisho kabla ya mwanzo.

Ukinunua boksi la seti iliyofungwa pamoja, kila kitu ndani yake, huwezi kuongeza kitu. Msimu ujao utanunua boksi la pili na utakuwa na sola mbili zisizosalimiana. Nunua vipande. Msimu wa kwanza, kontrola ya MPPT (aina inayovuna zaidi kutoka kwenye paneli) au inveta ya haibridi kubwa kuliko unavyohitaji leo, paneli moja au mbili na betri moja. Msimu wa pili, paneli. Kisha betri ya pili, aina ileile na volti ileile, na usiichelewe miaka. Betri mpya ikiungwa na iliyochoka, ya zamani inaivuta mpya chini. Paneli haziozi upesi, nyingi huja na dhamana ya miaka 25 ya uzalishaji, kwa hiyo ukikwama kati ya vitu viwili anza na paneli nzuri.

Angalia na volti ya mfumo. Wa volti 12 unafaa sola ndogo. Ukijua utafika friji na pampu, anza na 24 au 48 mapema. Volti ikiwa ndogo ampea zinakuwa kubwa, nyaya zinanona na umeme unapotea njiani. Mfano: wati 100 kwa volti 12 ni ampea 8. Zipitishe mita 10 kwenye waya wa milimita 2.5, utapoteza kama sehemu moja ya kumi kabla hazijafika. Watu wengi hulaumu paneli kwa kosa la waya.

Sola za kulipia kidogokidogo kwa simu zina ubaya?

Hazina ubaya zikisomwa vizuri. Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, ongeza kianzio, ndipo ulinganishe na bei ya taslimu. Uliza pia: nikikosa kulipa wiki mbili inajifunga? Nikimaliza, inafunguka moja kwa moja? Betri ikifa mwaka wa pili nani anahusika? Kwa mtu wa korosho, malipo ya kila siku mwezi Machi ni mtihani. Ukiweza kuweka siku nyingi mbele baada ya kuuza, fanya hivyo.

Nimpe kazi fundi gani?

Sola ndogo ya volti 12, kijana makini aliyepita VETA anaifunga nusu siku. Mfumo wa nyumba nzima unaogusa bodi ya umeme ya nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe. Msikilize anavyoanza. Akiuliza unatumia nini na saa ngapi, endelea naye. Akianza na "nina paketi ya kilowati tano", mshukuru.

Mambo ambayo asiyaruke: waya wa ardhini, kinga ya radi upande wa paneli na upande wa umeme wa nyumba, fyuzi karibu na betri, na swichi ya kubadilisha inayohakikisha umeme wa inveta hauwezi kamwe kurudi kwenye waya wa TANESCO. Hilo la mwisho ni uhai wa mtu.

Kama nyumba ni yako, umeme upo lakini unakatika, ungefunga nini?

Kitu cha kati ambacho wauzaji hawakitaji sana. Inveta ya haibridi ya kilowati 3, lithiamu moja ya yuniti mbili na nusu hadi tano, na paneli mbili hadi nne kubwa. Ningetenga saketi ya taa, feni, TV na friji zipite kwenye inveta. Pasi, kiyoyozi na jagi zibaki kwa TANESCO, umeme ukikatika navyo visubiri. Nyumba nzima kwenye sola ni raha, lakini unalipa sana kwa ajili ya vitu unavyoweza kuvisubiri saa mbili.

Nguzo zikiwa mbali, na nyumba ikiwa na watu wengi, hapo ndipo mfumo kamili una haki yake.

Ndio kwanza najenga. Niache nini tayari?

Bomba la plastiki la inchi moja na nusu kutoka darini hadi stoo au korido, kabla ya plasta. Sehemu ya ukuta yenye kivuli na hewa, mita moja kwa moja, kwa ajili ya inveta na betri, isiwe jikoni. Taa ziwe na saketi yake, na soketi za friji na feni ziwe na yake, tangu kwenye bodi. Mwambie fundi wa paa upande mpana zaidi uangalie kaskazini kama kiwanja kinaruhusu, na mbao za upande huo zikaribiane. Na ule mwembe ulio kaskazini mwa kiwanja, amua sasa kama unabaki, kabla haujafika juu ya paa.